"Mambo?" ni meseji, mwenye kazi ni anayepiga simu

Wanaotetea simu katika kuwafuatilia wagonjwa wana hoja nzito kutoka Kenya. Katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa walioanza ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, walitumiwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Jibu lilikuwa "Sawa" au "Shida", ndani ya saa 48. Aliyesema shida alipigiwa na muuguzi, na aliyenyamaza vilevile. Baada ya mwaka, virusi vilikuwa vimefubaa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa meseji, na asilimia 48 ya wasiotumiwa.

Meseji haikutaja dawa wala ugonjwa. Hata shemeji akiishika simu, anasoma salamu tu.

Lakini simu si dawa ya kila tatizo. Mfumo uleule ulipojaribiwa Nairobi kwa watu waliogundulika na virusi karibuni, kuona wangapi wataendelea kuja kliniki, haukuleta tofauti. Zanzibar nako, mpango wa kuwatumia wajawazito meseji na kuwapa vocha ya kumpigia mkunga uliongeza wanaojifungua mikononi mwa wataalamu, ila faida ilikwenda kwa kina mama wa mjini, shamba haikuonekana. Penye umbali na nauli, meseji haimbebi mtu.

Kutuma mara nyingi zaidi nako hakusaidii. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, meseji za kila wiki ziliinua ufuasi wa dawa (kuzimeza kama ilivyoelekezwa), za kila siku hazikuinua. Tunaamini mtu huzoea mlio wa kila siku akaacha kuusikia.

Bajeti nyingi hukosea hapa: zinahesabu gharama ya meseji, zinasahau saa za muuguzi. Chukua kliniki yenye wagonjwa 400. Mmoja kati ya watano asipojibu, kuna watu 80 wa kupigiwa. Kila mmoja akichukua dakika nne, pamoja na kurudia namba isiyopatikana na kuandika kwenye daftari, hizo ni dakika 320, zaidi ya saa tano kila wiki. Muuguzi huyohuyo ana foleni mlangoni. Asipopewa saa hizo, "Shida" ya Jumatatu inasomwa Ijumaa, na mgonjwa akishaona hajibiwi, wiki ijayo hajibu. Kwa maoni yetu, kliniki isiyo na mtu wa kupiga ni bora isianze kutuma.

Namba nazo huharibika mapema. Laini isiyotumika kwa miezi hurudishwa na kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Simu nyingine ni ya mume au jirani. Kwa hiyo siku mgonjwa anapoandikishwa, namba yake ipigwe pale pale mezani mpaka iite. Aulizwe ni ya nani, saa gani ni salama kupiga, na jina gani litumike akipokea mwingine. Iandikwe namba ya pili, na zote zihakikiwe kila mgonjwa anapokuja kuchukua dawa. Asiye na salio abipu, kliniki impigie.

Asipopatikana siku mbili mfululizo, jina lake lipelekwe kwa mhudumu wa afya ya jamii amfuate nyumbani, ikiwa tu siku ile ya kuandikishwa alikubali kufuatwa.