Maganda ya ndizi kutoa risasi kwenye maji: yanafanya kazi, ila sio kwenye glasi yako

Kila baada ya muda inazunguka tena ile habari kwamba maganda ya ndizi, pumba za mpunga, vumbi la mbao au magamba ya kambamiti yanaweza kutoa metali nzito kama risasi (lead, sio ya bunduki) kwenye maji, na hapo hapo watu wanagawanyika, wengine wanasema hii ndo dawa tuliyofichwa miaka yote, wengine wanacheka kwamba uchafu utasafishaje uchafu. Mi nadhani wanaocheka wamekosea zaidi, ila wanaoshangilia ndo hatari zaidi, manake wao wanaweza kunywa.

Tuanze na wanaocheka. Ganda la mmea limejaa selulosi, lignini na pektini, yaani vitu vinavyojenga kuta za mmea, na humo ndani kuna sehemu ambazo zikiwa kwenye maji zinabeba chaji hasi, wakati risasi, shaba na kadimi (metali nyingine ya sumu) zikiyeyuka zinakuwa ioni, yaani chembe ndogo sana zenye chaji chanya. Zikikutana zinashikana. Hakuna uchawi hapo, na wala mmea hauhitaji kuwa hai, ganda likaushwe, lisagwe, lilowekwe, basi. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walijaribu maganda ya ndizi yaliyosagwa kwenye maji ya Mto Paraná, wakaonyesha yanashika shaba na risasi na yanaweza kutumika tena hadi mara 11. Magamba ya kambamiti nayo yanatoa kaitini, kile kitu kinachoyafanya yawe magumu, ukiichakata unapata kaitosani, ambayo inashika metali vizuri sana. Kwa hiyo kisayansi hoja imesimama.

Sasa shida inaanza kwenye namba, na hapa ndo wengi wanapigwa changa la macho bila hata mtu kuwadanganya. Unasoma "imeondoa asilimia 99 ya risasi" unafurahi. Lakini maji ya maabara mara nyingi yanatengenezwa kwa makusudi yawe na metali nyingi, tuseme miligramu 100 za risasi kwa lita, toa asilimia 99 inabaki miligramu 1. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, yaani hayo maji "yaliyosafishwa" bado yako juu mara 100! Halafu kuna kingine, uwezo wa ganda kushika metali unapimwa metali ikiwa nyingi, ikishakuwa kidogo kabisa ganda linashika kidogo zaidi, na kile kidogo cha mwisho ndicho unachokihitaji kitoke.

Na maji halisi hayana risasi peke yake. Yana kalsiamu na magnesiamu, tena kwa wingi kuliko hiyo risasi, nazo zina chaji chanya vilevile, kwa hiyo ni kama basi limeshajaa abiria wengine kabla mgeni wako hajafika kituoni. Maji yakiwa na asidi sana mambo yanaharibika zaidi kwa sababu haidrojeni inawahi nafasi zote, majaribio mengi yanafanya vizuri pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) ikiwa kama 4 hadi 6 hivi, sasa yale maji yanayotoka migodini ambayo ndo yamejaa metali mara nyingi yana asidi kuliko hapo. Kuhusu aseniki, sumu nyingine ya kwenye maji, ndo usiseme, kwenye maji inakaa kama ioni yenye chaji hasi au haina chaji kabisa, ganda la ndizi halina cha kuishikia. Bangladesh, ambako visima vya aseniki vimeumiza watu wengi sana, filta ya SONO iliyobuniwa na Abul Hussam na kushinda Grainger Challenge Prize mwaka 2007 ina mkaa na mchanga ndani, lakini kazi kubwa kwenye aseniki inafanywa na chuma.

Ila hoja inayonisumbua kuliko zote haipo kwenye kushika, ipo baada ya kushika. Metali haiozi. Haifi. Ganda likishajaa kadimi sio taka za jikoni tena, ni taka za sumu, ukilitupa shambani linaoza na kadimi inarudi kwenye udongo, ukilichoma, zebaki kama ilikuwemo inapaa hewani na zile nyingine nyingi zinabaki kwenye majivu zikiwa zimekolea zaidi. Unaweza kuliosha kwa asidi litumike tena, sawa, ila sasa una ndoo ya asidi yenye metali na bado inataka pa kwenda. Kiwanda kinaweza kuwa na mfumo wa kuishughulikia, hata kuirudisha kama malighafi kama ni shaba. Nyumbani huna. Na hata hatujagusa kwamba ganda bichi linatoa rangi na sukari kwenye maji, bakteria wanashukuru.

Kwa hiyo napinga? Hapana, napinga mahali linapowekwa. Kama ni maji taka ya kiwanda cha kupaka metali, yenye metali nyingi, pH inadhibitiwa, kuna mtu wa kupima kila siku na taka zina mkataba wa kutupwa, hapo material ya bei ya chini kupunguza mzigo kabla ya hatua ya mwisho ni wazo zuri kabisa. Watetezi nao wana haki kusema kwamba resini za kubadilisha ioni, zile punje za plastiki za kiwandani zinazoshika metali, zina gharama na sio kila mtu anazimudu, hilo siwapingi. Lakini ikumbukwe miaka ya 1990 kulikuwa na bidhaa za kibiashara za namna hii, kama AlgaSORB iliyotengenezwa kwa mwani, na hazikuteka soko, resini bado zinatamba. Sababu moja ni kwamba resini ya leo na ya mwakani ni ileile, wakati ganda linabadilika kwa msimu, aina na udongo.

Mafanikio makubwa ya taka za asili yako kwingine ambako hakuposti mtu. Vifuu vya nazi vinageuzwa kaboni amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi vya kunasa uchafu, na viko ndani ya filta nyingi sana duniani, ingawa kwa risasi kaboni hiyo kwa kawaida inahitaji kuboreshwa. Na kwenye maji ya migodi kuna mabwawa yanayojazwa vipande vya mbao, mboji na samadi, ambapo taka hizo kazi yake kubwa ni kuwalisha bakteria wanaogeuza salfeti kuwa salfaidi (zote ni aina za salfa), halafu salfaidi inakamata zinki, shaba na kadimi zinazama chini kama tope. Humo pia tope linajaa na lazima siku moja lichimbwe, ila angalau aliyelijenga bwawa alijua tangu mwanzo kwamba siku hiyo inakuja na akatenga hela.