Fungu la Baharia Katika Nyumba ya Nyangumi

Wiki iliyopita niliweka katika kundi letu la WhatsApp, la watu wa pwani tunaoishi Massachusetts, picha chache za ziara niliyoifanya na mjomba wangu katika Makumbusho ya Uvuvi wa Nyangumi ya New Bedford. Kabla sijaandika maelezo ya picha ya tatu, ndugu mmoja ambaye kwa kawaida husikika wakati wa michango ya harusi tu alikuwa amekwisha kutoa hukumu: "Hayo ni machinjio yaliyopakwa rangi. Yafungwe." Vidole gumba vikamiminika. Nikaizima simu, nikachemsha chai, na tangu siku hiyo nimekuwa nikigombana naye kichwani, jambo ambalo ni ujinga, kwa kuwa yeye bila shaka amekwisha kusahau.

Nimpe haki yake kwanza, ingawa kwa shingo upande. Ni machinjio kweli. Katika karne ya 20 pekee, baada ya Mnorwe Svend Foyn kuunganisha meli ya mvuke na chusa chenye baruti kichwani, waliuawa nyangumi wanaokaribia milioni 3, na katazo la kimataifa la uvuvi wa biashara halikuanza kufanya kazi hadi 1986, wakati ambapo kwa aina kadhaa za nyangumi hapakuwa tena na kitu kikubwa cha kukataza. Lakini anayetaka kuwalilia nyangumi ndani ya jumba la New Bedford hakosi pa kulilia. Juu ya kichwa chako inaning'inia mifupa ya nyangumi wa buluu ambaye hakuwa hata amekomaa, urefu wake karibu mita 20, aliyegongwa na meli ya mafuta mwaka 1998, na mifupa hiyo ingali inatoa mafuta, tone baada ya tone, yanayokingwa ndani ya chupa. Mjomba alisimama chini yake kwa muda mrefu, akanusa kama anayekagua nguru mnadani, akasema, "Huyu bado hajamaliza kufa." Nyumba inayoweza kumtoa mvuvi wa Pangani maneno kama hayo ifungwe kwa sababu gani?

Ugomvi wangu mimi na majumba haya ni mwingine, na aliyeuanzisha ni mjomba mwenyewe.

Kitu kikubwa kuliko vyote pale ni mfano wa meli iitwayo Lagoda, uliojengwa kwa nusu ya ukubwa wa meli yenyewe, kwa hiyo una urefu wa mita 27 hivi, na watu hupanda juu ya sitaha yake kama wanaoanza safari. Mjomba alipanda. Alishika kamba, akakagua mafundo, akatazama mashua zilizotundikwa ubavuni, zile nyembamba walizoshukia mabaharia sita kumfuata mnyama mwenye uzito wa malori kadhaa, akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi kwa fundi. Kisha akanigeukia na kuniuliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza: "Chombo hiki mafungu yake yalikuwaje?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Samaki wakishauzwa, hutolewa gharama za safari, halafu chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha ana nyongeza yake, na wavuvi hugawana kinachobaki. Watu hugombana, hununiana, huhama chombo, lakini hakuna asiyejua hesabu inavyokwenda. Na mabaharia wa New Bedford, bandari iliyokuwa kitovu cha uvuvi wa nyangumi katika karne ya 19, nao hawakulipwa mshahara, bali walilipwa kwa mafungu. Nahodha aliweza kupata fungu moja kati ya 12 au 15 ya thamani ya mzigo, na mwanagenzi asiyejua hata kupanda mlingoti akaandikiwa fungu moja kati ya 175, au moja kati ya 200, au chini zaidi. Mjomba, ambaye hajawahi kutumia kikokotoo maishani mwake, aliomba kalamu, akageuza tiketi yake, akaanza kuandika. Tuchukulie, alisema, mafuta na mifupa vimeuzwa kwa dola 40,000. Fungu moja kati ya 190 ni dola 210. Safari ilikuwa ya muda gani? Nikamwambia miaka mitatu, mara nyingi minne. Akachukua mitatu na nusu. Ni dola 5 kwa mwezi. "Na hapo bado hujakata," alisema, akaacha kuandika.

Hujakata, naam. Hujakata fedha ya kuanzia aliyopewa kabla ya kupanda chombo, ambayo nyingi iliishia kwa wakala aliyemlaza na kumnunulia vifaa. Hujakata shati, kisu, tumbaku na viatu alivyokopa katika duka la humo humo melini kwa bei aliyoipanga nahodha, katikati ya Pasifiki ambako hakuna duka la pili. Wapo waliozunguka dunia nzima, wakavuta makasia mpaka viganja vikawa kama ngozi ya papa, wakakesha usiku wakichemsha mafuta juu ya sitaha kwa moto uliochochewa kwa mabaki ya nyangumi yule yule, wakarudi bandarini wakidaiwa. Ndiyo maana wengi hawakurudi na chombo walichoondokea.

Sasa tazama ni nani aliyeijenga ile meli nzuri ya ndani ya jumba. Lagoda ya kweli iliundwa mwaka 1826, na kuanzia 1841 ikawa mali ya Jonathan Bourne, mmoja wa matajiri wakubwa wa uvuvi huo. Mfano wake ulijengwa 1915 hadi 1916 kwa fedha za binti yake, Emily Bourne, kwa ajili ya kumkumbuka baba. Sina ubaya na binti anayemkumbuka baba yake. Lakini ni lazima tuseme wazi tunachokipanda: ni kaburi la mwenye chombo, lenye matanga. Ukivuka bahari hadi Sandefjord, Norwei, utakuta makumbusho ya uvuvi wa nyangumi yaliyofunguliwa 1917, zawadi ya Lars Christensen, naye alikuwa mwenye meli za nyangumi. Makumbusho ya kisiwa cha Nantucket, karibu na New Bedford, yamo ndani ya kiwanda cha mishumaa cha 1847. Kiwanda, mali, meli. Fungu la chombo limehifadhiwa vizuri sana, limepakwa vanishi, linapigwa deki kila asubuhi.

Najua nitajibiwa kwamba kumbukumbu za mabaharia zipo, na ni kweli zipo. New Bedford na Mystic, makumbusho ya bahari yaliyoko Connecticut, wametunza daftari za safari kwa maelfu, na orodha za mabaharia zinasomeka bure kwenye intaneti, pamoja na rangi ya ngozi, kimo na mahali mtu alikozaliwa. Utawakuta watu wa Azores na Cape Verde, Wampanoag ambao ni wenyeji wa asili wa Massachusetts, watu weusi waliozaliwa huru na wengine waliojikomboa kwa miguu yao. Ndani ya daftari hizo kuna kitu kilichonigusa kuliko meli yoyote: kila nyangumi aliyeuawa alipigiwa mhuri wenye umbo lake, na katikati ya mhuri pakaachwa nafasi nyeupe ya kuandikia idadi ya mapipa, aliyeponyoka alipigiwa mhuri wa mkia tu. Hesabu ya nyangumi ilikuwa na picha. Hesabu ya mtu ilikuwa mstari mmoja wa wino katika ofisi ya tajiri. Hata hivyo angalau iliandikwa, maana karne iliyofuata meli za Kisovieti ziliua zaidi ya nyangumi 48,000 wa aina ya nundu katika bahari za kusini na kuripoti 2,710, na dunia ikaja kuujua ukweli kwa sababu wanasayansi wachache wa huko huko walizihifadhi kwa siri takwimu za kweli.

Ninachokitaka basi ni kidogo. Pale pale kwenye ngazi ya kupandia Lagoda, uwekwe ukurasa mmoja wa malipo ya safari moja, umekuzwa kufikia ukubwa wa tanga, kila jina na fungu lake, kila shati na bei yake. Mtu asome kwanza, kisha apande. Katika meli ya Charles W. Morgan kule Mystic, iliyoundwa 1841 na kwenda safari 37, mgeni huliona jambo hili bila maandishi: nyuma kuna kitanda cha nahodha kilichotundikwa ili mke wake asiyumbishwe na mawimbi, mbele kuna vishubaka vya mabaharia ambavyo mtu hujichomeka kama mkate ndani ya tanuri.

Lewis Temple anastahili makala yake peke yake. Mhunzi huyu mweusi, mzaliwa wa Richmond, Virginia, alitengeneza mwaka 1848 chusa ambacho ncha yake hugeuka ndani ya nyama ili kisichomoke. Hakukisajili, wahunzi wengine wakakiiga, naye akafa 1854 bila kutajirika. Sanamu yake ipo mjini. Kumsimamishia mtu sanamu ni rahisi kuliko kumpa fungu lake.

Na ndugu zangu wa kundini wanaosema hii ni historia ya Wazungu, wakumbuke kwamba meli hizi zilitia nanga Unguja zikitafuta maji, kuni na matunda, baada ya mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani. Baharia mmoja, J. Ross Browne, aliiacha meli yake hapo hapo Unguja, akarudi kwao kwa chombo kingine, na mwaka 1846 akachapisha maelezo makali juu ya namna mabaharia walivyotendewa. Nyangumi wenyewe tulikuwa tukiwajua zamani kuliko hao. Msafiri Mwarabu Al-Masudi aliandika katika karne ya 10 juu ya ambari, ile nta ya thamani ya manukato, ya bahari ya Zanji, yaani bahari yetu hii, na watu waliomtupia nyangumi vyusa na kamba wapate kuitoa tumboni mwake. Mjomba anadai babu yake aliokota ambari. Kila mzee wa Pangani babu yake aliokota ambari.

Mjomba amekwisha kurudi nyumbani. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti, upepo ukivuma nyuma yake, akisema ameionyesha ile tiketi kwa vijana wa chombo chake, wakaipitisha mkono kwa mkono, na sasa wana swali moja: yule aliyeshuka njiani, akaiacha meli baada ya miaka miwili ya kazi, fungu lake alitumiwa vipi? Nikamjibu kwamba hakutumiwa. Aliyetoroka alipoteza kila kitu alichokwisha kukichuma, na fungu lake lilibaki kwa mwenye chombo.