Zebaki machimboni: kuipiga marufuku mara moja au kuipunguza?

Tangu Tanzania iridhie Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, mwaka 2020, mjadala kuhusu zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu umegawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka zebaki ipigwe marufuku mara moja, kwa hoja kwamba afya ya watu haiwezi kusubiri soko lijirekebishe. Upande wa pili unaona kwamba marufuku isiyo na mbadala itawanyima riziki watu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja, na kuisukuma biashara ya zebaki kwenye njia za panya. Mkataba wenyewe unazitaka nchi zipunguze matumizi hayo na, inapowezekana, ziyakomeshe. Lakini haukuweka mwaka wa mwisho kwa wachimbaji wadogo kama ulivyoweka kwa vipimajoto na betri.

Kabla ya kuchagua upande, inafaa kuangalia madhara yanaingilia wapi. Mwaloni, yaani mahali pa kusafishia dhahabu, mawe yakishasagwa kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) huoshwa, kisha mchanga mzito unaobaki humwagiwa zebaki kwenye karai na kuchanganywa kwa mikono mitupu mpaka chembe za dhahabu zishikamane nayo. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kinachong'aa, na kidonge hicho huwekwa juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, kwa hiyo moto wa mkaa unatosha kabisa: baada ya dakika chache weupe huondoka na rangi ya dhahabu ikajitokeza. Zebaki iliyoondoka imeingia hewani, na aliyeinama juu ya jiko ndiye wa kwanza kuivuta. Mapafu hunyonya takriban asilimia 80 ya mvuke huo, ilhali zebaki ya majimaji ikimezwa hutoka karibu yote bila kuingia kwenye damu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Rwamagasa, mkoani Geita, ulilionyesha jambo hilo kwa watu halisi. Wataalamu waliwapima wakazi mkojo, damu na nywele, wakawachunguza mitetemeko ya mikono na uwezo wa kutembea bila kuyumba, kisha wakawalinganisha na watu wa Katoro, ambao hawakuwa wakifanya kazi na zebaki. Takriban robo ya wachomaji wa vidonge hivyo walikutwa na dalili na vipimo vinavyotosha kusema wameathirika kwa zebaki. Miongoni mwa wakazi wengine hali hiyo ilikuwa nadra. Wanaoupinga ushahidi wa namna hii husema, na wana haki kwa kiasi fulani, kwamba uchunguzi wa mara moja hauonyeshi kilichotangulia kati ya ugonjwa na kazi, na kwamba kutetemeka, usahaulifu na uchovu vinaweza kuletwa na pombe au malaria. Hata hivyo, ni vigumu kueleza kwa nini pombe na malaria viwaandame wachomaji kuliko majirani zao wanaoishi nao kijiji kimoja.

Ushahidi wa nje ya machimbo umekuwa na utata zaidi. Samaki wa Ziwa Victoria waliopimwa katika miaka ya 1990 wengi wao walikuwa na zebaki iliyo chini ya viwango vya kimataifa. Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyewachunguza kwa miongo kadhaa wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambako watu waliathirika kwa zebaki, alipopima nywele za watu wa kanda ya ziwa pamoja na wenzake aligundua kwamba baadhi ya viwango vya juu vilitokana na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Kama kosa lote lingetupiwa machimbo, sabuni ile ingebaki bafuni bila kuguswa.

Wanaotaka marufuku wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Ugonjwa wa Minamata uligunduliwa rasmi mwaka 1956, lakini ilichukua mpaka 1968 serikali ya Japani kukiri kwamba chanzo chake ni majitaka ya kiwanda cha Chisso, na kwa miaka yote hiyo watu waliendelea kula samaki wa ghuba ile wakati wakubwa wakibishania ushahidi. Zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina nyingine na ilipita njia nyingine, lakini gharama ya kusubiri ni ileile, na huwaangukia watoto ambao hawakuchagua kazi ya wazazi wao.

Kwa upande mwingine, mchimbaji haing'ang'anii zebaki kwa ujinga. Humpatia fedha siku hiyohiyo, bila mkopo na bila kumtegemea mtu, ingawa mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Uchenjuaji kwa sayanaidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu, hukamata zaidi, ila unadai matangi, siku nyingi na mtaji, kwa hiyo marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa, huishia kwa mwenye mtambo. Tena sayanaidi ikimwagwa juu ya marudio yenye zebaki huyeyusha zebaki hiyo na kuirahisishia kusafiri na maji, na ndiyo maana Mkataba unakitaja kitendo hicho miongoni mwa njia mbaya zaidi, pamoja na kuchoma wazi bila kunasa mvuke na kuchoma kwenye makazi.

Kwa maoni yangu, marufuku ianzie kwenye huko kuchoma. Chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke kimekuwepo muda mrefu, lakini wachimbaji wengi hukikataa kwa sababu cha chuma hakiwaruhusu kuiona dhahabu yao ikiwa motoni, na hofu ya kuibiwa ni ya kweli. Sehemu ya pamoja ya kuchomea mwaloni, yenye chombo cha kioo na msimamizi waliyemchagua wenyewe, ingejibu hofu hiyo kuliko faini.

Mabishano haya kuhusu zebaki, pande zote mbili, yamelifunika vumbi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka machimbo madogo ya Geita vilikuta kwamba wanaochoronga (kutoboa mwamba) chini ya ardhi huvuta vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mwamba, kwa zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa Marekani, na vumbi hilo huacha makovu kwenye mapafu na kufungua njia ya kifua kikuu. Kuchoronga kwa maji hulipunguza sana, japo maji hayo lazima yanunuliwe au yabebwe. Kituo cha afya kinachompima makohozi mchimbaji mwenye kikohozi kina nafasi, siku hiyohiyo, ya kumuuliza amechoronga miaka mingapi na kama huchoma dhahabu nyumbani. Majibu hayo yakiandikwa kwenye jalada lake, na jalada likamfuata anapohamia rashi (machimbo mapya) nyingine, watafiti watakuwa na kumbukumbu ya miaka kadhaa badala ya vipimo vya wiki moja.