Ukienda Firenze, anzia kwenye kuta zake

Ndugu na marafiki wanaokwenda Italia huwa wananionyesha ratiba zao, na karibu zote zinafanana: Roma siku nne, Venezia siku mbili, na katikati hapo Firenze "tutapita". Kupita kwenyewe ni treni ya asubuhi kutoka Roma, mwendo wa saa moja na nusu hivi, picha mbele ya kanisa kuu, foleni ya kuiona sanamu ya David ya Michelangelo, sahani ya tambi, kisha treni ya jioni. Ratiba hiyo naipinga kwa moyo wote. Ukishahangaikia visa, ukalipa nauli ya ndege na kutumia likizo yako ya mwaka, Firenze inastahili ulale siku tatu, hata kama itabidi Roma ipunguzwe.

Nina sababu. Sehemu kubwa ya sanaa bora ya mji huu haikuwekwa kwenye fremu, imo ukutani. Fundi wa karne ya 15 alipiga lipu mbichi ya chokaa, kipande cha kutosha kazi ya siku hiyo tu, akachora juu yake kabla haijakauka. Lipu ikanywa rangi, na ilipokauka, picha na ukuta vikawa kitu kimoja. Kuing'oa picha ya namna hiyo kunawezekana, ila ni kazi ya hatari, hufanywa pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuiokoa. Kwa hiyo haitakuja kwenye maonyesho London wala Abu Dhabi. Ukitaka kuiona, lazima uende kwenye chumba kile kile alichosimama mchoraji.

Ndiyo maana nawaambia watu: siku ya kwanza vukeni mto Arno mwende kanisa la Santa Maria del Carmine, kwenye kikanisa cha pembeni kinachoitwa Brancacci. Humo alichora Masaccio katika miaka ya 1420, pamoja na mwenzake mkubwa Masolino. Masaccio alifariki mwaka 1428, hata miaka 27 hajafikisha. Ukiingia, tafuta nguzo mbili za mlangoni zinazotazamana. Kulia ni Adamu na Hawa wa Masolino, chini ya mti wa matunda, wazuri, watulivu, nyuso zao hazina habari. Kushoto ni wale wale, kazi ya Masaccio, wanafukuzwa Edeni. Adamu amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, tumbo limeingia ndani kama la mtu aliyekatwa pumzi na kilio. Hawa ameinua kichwa, mdomo wazi, macho yamebaki michirizi miwili ya giza. Mwanga unawaangukia kutoka kulia, upande ule ule lilipo dirisha halisi la kikanisa. Mtu wa leo aliyewahi kufiwa hahitaji kuelezwa chochote mbele ya picha ile.

Katika karne ya 17 waliwachorea majani ya kuwasitiri, na ukarabati wa miaka ya 1980 ukayaondoa. Michelangelo alipokuwa kijana alikuja hapa kujifunza kwa kunakili. Chumba ni kidogo, wanaingiza watu wachache wachache na kwa muda mfupi, kwa hiyo nafasi inawekwa mapema. Hili liwe la kwanza kuandikwa kwenye ratiba, kabla hata ya David.

La pili ni San Marco, monasteri ya zamani ya watawa Wadominiko. Cosimo de' Medici, yule mzee wa benki, alitoa fedha, Michelozzo akajenga, na mtawa Fra Angelico pamoja na wasaidizi wake wakachora. Unapanda ngazi, na unapoinua macho kule juu unakutana na Malaika Gabrieli akimpasha Maria habari, wote wawili wameinama kidogo na mikono wameikunja kifuani. Kisha korido, na kando ya korido vyumba vya watawa zaidi ya 40. Kila chumba kina dirisha dogo na picha moja. Picha hizo hazikuchorwa kwa ajili ya wageni kama sisi. Kila moja ilikuwa ya mtu mmoja, aamke nayo na kusali mbele yake maisha yake yote. Ingia chumba kimoja, usisome maelezo, kaa nacho kidogo. Mwisho wa korido kuna vyumba vya Savonarola, mhubiri aliyeutikisa mji mzima hadi mwaka 1498 aliponyongwa na mwili wake kuchomwa moto katika uwanja wa Piazza della Signoria. Nikilazimishwa kuchagua kati ya San Marco na jumba maarufu la makumbusho la Uffizi, nitachagua San Marco bila kusita.

Lakini sikatazi Uffizi, hapana. Nasema iende siku ya pili au ya tatu, ukishayaona makanisa. Mle ndani kuna Madonna, yaani picha za Bikira Maria na Mtoto, tatu kubwa mno, ya Cimabue, ya Duccio na ya Giotto, na zote zilikuwa makanisani mjini humo: ya Cimabue Santa Trinita, ya Duccio Santa Maria Novella, ya Giotto Ognissanti. Ukiwa umekwisha kusimama ndani ya makanisa hayo, unaelewa kwa nini ni kubwa kiasi kile na kwa nini dhahabu yake ni nyingi. Zilikusudiwa kuonekana kwa mbali, gizani, kwa mwanga wa mishumaa. Ukianza na Uffizi, unapita mbele yake kwa sekunde kumi ukizikimbilia picha za Botticelli.

Na kama kuna mtu wa kushukuriwa kwa yote haya, ni mwanamke: Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici uliotawala Firenze. Mwaka 1737, utawala ulipokuwa unaingia mikononi mwa watu wa nje, alifunga mkataba kwamba hazina za familia zibaki mali ya dola na zisiondolewe Firenze. Watawala wa miji mingine waliuza picha zao, nyingine zikachukuliwa vitani. Mabinti wa kifalme tunawakumbuka kwa ndoa zao. Huyu tumkumbuke kwa karatasi ile.

David yuko kwenye jumba la makumbusho la Accademia tangu mwaka 1873. Aliyesimama nje uwanjani ni nakala. Chukua tiketi ya saa ya kwanza asubuhi, basi. Kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, lililojengwa kati ya mwaka 1420 na 1436, lina ngazi 463 na hakuna lifti. Mwenye magoti mabovu alitazame kutokea chini, wala hatakuwa amekosa mengi.

Sasa mpangilio. Msafiri wa Tanzania au Kenya anahitaji visa ya Schengen, na ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ukingoja hadi mwezi wa mwisho, unajitafutia presha. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Visa ikishatoka ndipo ununue tiketi za makumbusho, tena kwenye tovuti rasmi, maana wachuuzi wa mtandaoni huongeza bei sana. Uffizi na Accademia hufungwa Jumatatu. Makanisa mengi hufunga milango saa za mchana, kwa hiyo asubuhi ndiyo mali yako. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, na kwa sababu hiyo hiyo mimi nashauri uiepuke. Julai na Agosti ni joto na msongamano. Februari ni baridi kweli kweli kwa sisi watu wa pwani, lakini unaweza kujikuta peke yako na Giotto, na koti linanunulika.

Kanisani mabega na magoti yafunikwe. Mwenye khanga au mtandio begani hana shida yoyote.

Chakula kisikusumbue. Tafuta kigari cha lampredotto, tumbo la ng'ombe lililochemshwa taratibu na kuwekwa ndani ya mkate pamoja na mchuzi wa kijani wa majani. Aliyekulia supu ya utumbo atajisikia nyumbani. Mkate wao hauna chumvi, usidhani mpishi amesahau. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta kama wenyeji, ukikaa mezani bei inapanda.

Najua wapo ambao hawana namna, wana saa chache tu kati ya treni mbili. Kwao ushauri wangu ni mmoja. Achaneni na foleni zote, vukeni barabara mbele ya stesheni muingie Santa Maria Novella. Kuna kiingilio, lipeni. Humo mna Utatu Mtakatifu wa Masaccio, uliojificha nyuma ya altare kwa karne tatu hadi ulipogunduliwa tena katika karne ya 19, na katikati ya kanisa unaning'inia msalaba mkubwa wa Giotto. Kisha nendeni nyuma ya altare kuu, mtazame ukuta wa kushoto, juu, palipo na Mamajusi wanaomsujudia Mtoto Yesu. Mchoraji Ghirlandaio amechora twiga hapo. Mwaka 1487 sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici twiga hai, mji mzima ukatoka kumtazama. Hakuishi muda mrefu. Mtanzania, ambaye twiga ni mnyama wa taifa lake, asiondoke Firenze bila kumwona huyo.