Isilii haikujifungia yenyewe

Lawama dhidi ya Isilii ni zilezile tangu zamani: Wasomali wamejitenga katika mtaa wao jijini Nairobi, na mfanyabiashara asiye na ndugu pale hapati hata kibanda. Si uzushi mtupu. Kilemba, yaani pesa anazotoa mpangaji juu ya kodi ili apate duka kwenye majengo yale, ni kikubwa mno kwa muuza mitumba wa kawaida, na anayejuana na mwenye jengo hutangulizwa.

Lakini wanaolaumu huanzia mwisho wa hadithi. Wakoloni ndio waliogawa Nairobi kwa rangi, na Isilii ikawa ya Wahindi na Wasomali tangu miaka ya 1920. Baada ya uhuru Wahindi wengi wakahama, Wakikuyu wakanunua nyumba zao. Mtaa umeshabadili wamiliki mara kadhaa, na hakuna aliyeuita hatari.

Kisha ikaja 1991, serikali ya Somalia ikaanguka. Waliokimbia walitakiwa wakae kambini. Aliyefika Nairobi bila karatasi hangeweza kufungua akaunti ya benki wala kuandikiwa mkataba wa nyumba. Angeenda wapi, kama si kwa binamu yake? Hata Wasomali Wakenya walikuwa wamefanyiwa msako mwaka 1989 na kupewa kadi za pekee kuthibitisha uraia wao. Ukimnyima mtu kila mlango, usishangae akigonga ule wa ndugu.

Garissa Lodge inaeleza yote. Ilikuwa nyumba ya wageni tu. Wakimbizi walilala humo usiku. Mchana kitanda kikageuka meza ya vitambaa na vifaa vya umeme, mteja akapita koridoni chumba baada ya chumba. Biashara ikashinda malazi, jengo likawa soko, na majengo mengine yakaiga. Mtaji ulitoka kwa jamaa, ukapita kwa hawala, yaani mawakala wanaotumiana pesa kwa kuaminiana, kwa sababu benki haikuwa njia. Kuaminiana kwa ukoo, kunakoitwa ubaguzi leo, ndiko kulikokuwa dhamana pekee.

Na mtaa wenyewe si wa kabila moja hata sasa: miraa inaletwa na Wameru, Waoromo wana maduka yao, na wanunuzi hutoka kila pembe ya nchi.

Mwaka 2014 polisi waliingia, maelfu wakakamatwa na wengi kuzuiliwa uwanjani Kasarani. Msako wa namna hiyo hauvunji utengano. Unamwambia mtu asiondoke karibu na wa kwao. Anayetaka Isilii ifunguke aanze na kilemba: kiandikwe kwenye mkataba, kitolewe risiti, na nafasi za maduka zitangazwe hadharani.