Bibi haandiki, kwa hivyo si mwenzetu?

Kamati yetu tukufu imeketi, ikatafakari, ikatoka na kifungu cha kuongezwa kwenye katiba. Mwanachama kamili wa kikundi chetu cha waandishi hapa Amu (Lamu) atakuwa yule tu anayeleta kazi "aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe". Waliobaki watakuwa wageni waalikwa. Mgeni mwalikwa ananywa kahawa, anasikiliza, anapiga makofi. Kura hapigi, na kazi yake haiingii kwenye ile diwani tunayoahidiana kila mwaka.

Kifungu hakitaji jina la mtu, na hakikuwa na haja. Kiliposomwa, sote tuliangalia upande mmoja, alikokaa bibi wa mtaa wa Langoni na mjukuu wake. Bibi alikuwa anafuta ukingo wa kikombe kwa upindo wa leso, kama kwamba si yeye anayesemwa. Mwenyekiti akamgeukia kwa adabu zake zote: "Bibi, sisi twakuheshimu sana, lakini katiba ni katiba." Akaitikia, "Haya, mwanangu." Mkutano ukaendelea na rangi ya fulana za tamasha, ambazo zilitafuna saa nzima.

Tangu siku hiyo nina hasira, na sijaona sababu ya kuzimeza.

Wale msiomjua, Bibi hutunga usiku akishaswali isha. Macho yake yana mtoto wa jicho, maandishi hayaoni tena. Asubuhi anamsomea kwa moyo mjukuu, kijana wa sekondari, naye anaandika kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Kila silabi anaipa mraba wake. Kipande cha utenzi kina mizani minane, kwa hiyo miraba minane ikijaa anajua kipande kimetimia, na ya tisa ikiguswa anajua pana kasoro. Siku moja nilikuwa pale barazani kwao kijana akimsomea Bibi alichoandika. Bibi anahesabu kwa pingili za vidole, kidole gumba kinapanda na kushuka, na kijana hajamaliza kipande cha tatu gumba likasimama. "Hapo umevunda. Rejea." Kijana akatazama daftari: alikuwa ameongeza "na" isiyokuwepo, silabi imeangukia nje ya mraba wa nane. Bibi daftari halioni. Ameisikia.

Huyo ndiye tunayeambiwa si mwandishi, na walioandika kifungu ni watu wa mji huu huu, wanaopenda kumtaja mshairi wetu wa kale, Mwana Kupona binti Mshamu, kila wakipewa kipaza sauti. Basi na twende naye huko huko. Mwaka 1858, Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yuko kitandani, maradhi yamemshika, anamwita binti yake Mwana Hashima ampe wasia. Katika beti za mwanzo anamwambia nini? Asogee mbele, aketi, na aje na wino na karatasi. Mama ana maneno moyoni, binti ana kalamu mkononi. Utendi wenyewe ndivyo unavyofunguka, na hawa wenzangu wameukariri! Kwa kifungu chetu kipya mwanachama kamili angekuwa Mwana Hashima. Mama yake angeletewa kahawa.

Na mshairi Muyaka wa Mombasa je? Mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu watu waliyahifadhi vifuani, na Mwalimu Sikujua akaja kuyakusanya na kuyaandika miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa. Au tusiende mbali hivyo. Wazee wetu wa makamo wanakumbuka miaka ya 1970, mashairi ya siasa ya Kimondo yalivyozunguka mji huu kwa kaseti. Watu waliyasikiliza majumbani na vibarazani, wakayajibu, wakagombana, wakanuniana. Sidhani kuna aliyesema ngoja kwanza tuone mwandiko wa mtunzi.

Huko nyuma, macho yakiwa bado yanafaa, Bibi aliwahi kuleta kazi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, kama kifungu kinavyotaka. Ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni, kwenye madrasa, na kama tendi za Amu zilivyoandikwa kwa karne nzima na zaidi. Ilirudishwa. Katibu alisema haisomeki. Hamjui kuisoma nyinyi.

Nitakubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande. Kamati ina hofu ya kweli. Mwaka huu tuliletewa shairi zuri zuri, vina vimenyooka kama uzi, halina harufu ya mtu ndani yake, na baada ya kubanwa kidogo mwenye nalo akasema alisaidiwa na programu ya kompyuta. Tuliona haya kwa niaba yake. Basi sawa, tafuteni dawa. Lakini mwizi wa vina anaweza kunakili kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko mzuri kabisa, akawa mwanachama kamili. Kifungu hakimgusi. Kinamgusa kikongwe ambaye ukimuuliza ubeti wa arubaini na mbili anakupa papo hapo, na kukueleza kwa nini hakutumia kina kile kingine.

Tena tuambizane ukweli. Kuna mwenzetu ambaye riwaya yake imo kwenye laputopu tangu kikundi kianzishwe. Hatujawahi kusikia hata ukurasa. Anaandika mwenyewe, kwa vidole vyake kumi, kwa hivyo katiba inampenda. Wako wanaokuja siku za picha tu. Sisemi wafukuzwe, kikundi kidogo kama chetu kikianza kufukuza kitabaki na mweka hazina na buli la kahawa. Nasema tu kwamba hao hawakumkosesha mtu usingizi kwenye kamati.

Na yule kijana? Kwa kifungu hiki hana jina popote. Si mwandishi kwa sababu maneno si yake, wala si mgeni mwalikwa kwa sababu hakualikwa. Wakati huo huo kwenye risala zetu tunalia kila mara kwamba vijana wameitupa mizani. Mmoja amekaa mbele yetu na daftari lililojaa mizani, nasi tunabishana kama bibi yake ana haki ya kiti.

Kura itapigwa mkutano ujao. Mimi napinga, na nimeshampelekea katibu hoja ya nyongeza: kila anayeunga mkono kifungu asimame mbele ya wenzake, hana karatasi, hana simu, atughanie beti kumi za utungo wake mwenyewe, na Bibi akae karibu na pingili zake ahesabu. Katibu ameniuliza kama natania. Nimemwambia aiweke kwenye ajenda.