Mama wa Njiti Asije Kukuomba Huruma

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza hesabu za mgahawa mmoja hapa Dodoma mjini. Mhudumu wetu mmoja alijifungua mimba ikiwa na wiki 29. Likizo yake ya siku 84 ikaanza kuhesabiwa siku ileile. Siku 50 alizimalizia wodini, mtoto kamfunga kifuani kwa kitenge, ngozi kwa ngozi. Aliporuhusiwa alikuwa amebakiza siku 34. Mimi ndiye niliyempigia simu kumkumbusha tarehe ya kurudi kazini. Kisheria sikukosea, lakini simu ile inaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa mapema 2025, Bunge likiwa hapahapa kwetu, niliyasoma neno kwa neno. Mama akijifungua njiti, sasa anaongezewa muda uliobaki mpaka wiki 40 za ujauzito zitimie, na likizo yake ya uzazi iko palepale. Mhudumu wetu yule angepata wiki 11 juu ya zile 12. Baba wa njiti naye anapata siku 7 badala ya 3.

Waajiri ninaokutana nao Majengo na Nkuhungu wengi huniambia, "Hayo ni ya serikali na makampuni makubwa." Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiulizi una wafanyakazi wangapi. Iliowaacha nje ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Mwenye saluni yenye msusi mmoja aliyemwajiri yumo, na mwenye gesti ya vyumba sita yumo.

Najua linalowatia hofu ni mshahara wa mtu ambaye hayupo. Kwa biashara ndogo mzigo huo upo kweli, sitaki kuudharau. Lakini mfanyakazi unayemchangia NSSF ana fao la uzazi akitimiza masharti ya michango, na wengi wanaolalamika mbele yangu hawajawahi kupeleka hata mchango mmoja. Hapo tatizo lilianza siku ya kumwajiri. Kama hukumwandikia mkataba wala kumsajili, siku ya njiti mtakachobaki nacho ni kubembelezana tu, na katika kubembelezana mwenye shida ndiye huwa anashindwa.

Kuna jambo la pili, la mikataba. Zamani mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na mameneja peke yao, ingawa mitaani wapishi na walinzi walikuwa wakisainishwa miezi mitatu mitatu kila siku. Marekebisho yametaja mazingira ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kupewa mkataba wa namna hiyo, kwa mfano kazi ya msimu, au kazi zinapoongezeka kwa muda. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanaochukua vibarua wakati wa mavuno wana nafuu hapo. Ila mpishi anayepika mwaka mzima si wa msimu, na kumbadilishia karatasi kila robo mwaka hakumfanyi awe wa msimu.

Kima cha chini cha sekta binafsi nacho kimepanda kuanzia Januari 1, 2026, kwa wastani wa asilimia 33.4. Kila sekta ina kiwango chake, kwa hiyo tafuta cha kwako kabla ya kufunga mishahara ya mwezi.

Lakini kama utashika moja tu, shika la njiti. Usingoje mama akuombe. Hajui, na hata akijua, mtu aliyekesha akihesabu pumzi za mtoto wa kilo moja na nusu hana nguvu ya kuja kubishana vifungu. Pata cheti cha hospitali kinachoonyesha wiki za ujauzito, zitoe kwenye 40, andika barua yenye tarehe mpya ya kurudi, na umpelekee wodini.